Nyimbo za Kiyidi za Wahamiaji wa New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyesikia wimbo mmoja wa Kiyidi, ukamkaa kichwani, na sasa anataka kujua ulikotoka. Umeelemea nyimbo za jukwaani na za mitaani za Wayahudi waliohamia Marekani kati ya 1881 na 1924, maana ndizo zilizochapwa, zikarekodiwa na kusambaa kuliko nyingine. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Kiyidi ni lugha gani? Si ndiyo Kiebrania?

Hapana. Kiebrania ni lugha ya maandiko na ya sala, na leo ndiyo lugha ya taifa la Israeli. Kiyidi kilikuwa lugha ya jikoni, sokoni na kitandani kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Mwili wake ni wa Kijerumani cha kale, ukachanganyika na Kiebrania, Kiaramu, Kipolandi, Kirusi na Kiukraini. Huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyewahi kuona tenzi za wazee wetu wa pwani, Kiswahili kitupu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hatapata taabu kulielewa jambo hilo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wasemaji wake walikadiriwa kuwa karibu milioni 11.

Wahamiaji hawa walitoka wapi, na nini kiliwaondoa kwao?

Wengi walitoka katika dola ya Urusi ya wakati ule, yaani sehemu ambazo leo ni Ukraine, Belarus, Lithuania na Poland. Wengine walitoka Galicia iliyokuwa chini ya Austria, na wengine Romania. Machi 1881 Tsar Alexander II aliuawa kwa bomu, na miezi iliyofuata makundi ya watu yaliwavamia Wayahudi, yakavunja maduka na nyumba zao katika miji mingi ya kusini mwa dola. Mwaka 1882 serikali iliongeza sheria zilizowabana wasiishi vijijini. Juu ya hayo kulikuwa na umaskini wa kawaida, ule wa watu wengi kugombea kazi chache. Kufikia 1924 Wayahudi zaidi ya milioni 2 kutoka Ulaya ya Mashariki walikuwa wameingia Marekani.

Wengi wao walishukia New York na kubaki palepale, mtaa wa Lower East Side. Waliishi familia nzima katika vyumba viwili vitatu, tena vingine havina dirisha, na kazi ilikuwa ya nguo: kukata, kushona, kupiga pasi, kutia vifungo. Cherehani zilikuwa hadi ndani ya nyumba za kulala. Hao ndio walionunua tiketi, karatasi za nota na santuri. Ukisahau kwamba msikilizaji wa nyimbo hizi alikuwa mtu aliyetoka kazini hoi, hutazielewa.

Maigizo ya Kiyidi yalianzaje?

Mtu anayetajwa kwanza ni Abraham Goldfaden, mshairi na mwalimu, aliyezaliwa 1840. Mwaka 1876 alikuwa katika mji wa Iași, Romania, ambako waimbaji wa Kiyidi walitumbuiza kwenye bustani za mvinyo. Tayari walikuwa na nyimbo, kofia za kuchekesha na ndevu za bandia. Goldfaden akawaongezea hadithi ya kuunganisha wimbo mmoja na mwingine, na hapo maigizo ya Kiyidi yakapata jukwaa la kudumu. Mwanzoni wanaume ndio walioigiza hata nafasi za wanawake.

Alitunga maneno na kukusanya mahadhi kila alikoyasikia: sinagogi, opera ya Italia, harusi za vijijini. Wimbo wake wa kubembeleza mtoto, «Rozhinkes mit mandlen» (zabibu kavu na lozi), kutoka igizo la Shulamis, ulitoka jukwaani ukaingia majumbani kiasi kwamba wengi waliamini ni wimbo wa mabibi usio na mtunzi. Mama anamwimbia mwanawe kwamba atakapokua atakuwa mfanyabiashara wa zabibu na lozi. Nina hakika hakuna wimbo wa jukwaani wa Kiyidi ulioimbwa na akina mama wengi kuliko huo.

Mwaka 1883 serikali ya Urusi ilipiga marufuku maigizo ya Kiyidi. Waigizaji wakafunga mizigo, wakaenda London, Paris na New York. Huko New York igizo la kwanza lilikuwa limekwisha kuonyeshwa mwaka 1882, na aliyekuwa mbele katika kulileta alikuwa kijana ambaye hata miaka 20 hajafika, Boris Thomashefsky. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha sigara, na sauti yake ilijulikana katika kwaya ya sinagogi.

Goldfaden mwenyewe alifariki New York mwanzoni mwa 1908, na makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza kaburini.

Usiku wa maigizo ulikuwaje?

Kelele tupu, na ndivyo watu walivyopenda. Kumbi za kwanza zilikuwa barabara ya Bowery. Baadaye, hasa baada ya ukumbi wa David Kessler kufunguliwa 1911, kitovu kilihamia Second Avenue. Familia zilikuja na watoto wachanga na chakula. Watu walimwonya mwigizaji aliyekaribia kudanganywa, walimzomea mwovu, walilia kwa sauti. Kila nyota alikuwa na mashabiki wake waliokuwa tayari kugombana na mashabiki wa mwingine, sawasawa na wa mpira.

Katikati ya wiki kumbi nyingi ziliuzwa kwa jumla. Chama cha watu waliotoka mji mmoja, au cha wafanyakazi, kilinunua usiku mzima kwa bei nafuu kisha kikauza tiketi kwa wanachama ili kuchangia mfuko wa mazishi, wa wagonjwa au wa mgomo. Kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti alikuwa anaangalia igizo na wakati huohuo anamzika jirani yake. Mwisho wa wiki ndipo nyota walipotoa kazi zao kubwa.

Na igizo lolote, hata la majonzi makubwa, lilikuwa na nyimbo. Mchekeshaji alitoka mbele ya pazia akaimba beti fupifupi, mara nyingine akiongeza ubeti kuhusu habari ya wiki ile. Wimbo ukipokewa vizuri, siku chache baadaye karatasi yake ya nota ilikuwa dukani, picha ya mwimbaji ikiwa kwenye jalada.

Kwa nini wasomi wa wakati ule walizidharau?

Walikuwa na jina lake: shund, yaani takataka, kazi ya ovyo. Waandishi wa magazeti na washairi waliona aibu kwamba watu wao walilipa senti za jasho kwenda kulizwa na hadithi za mama aliyesahauliwa na mchumba aliyeachwa. Walitaka maigizo mazito, na walistahili kuyataka. Mwandishi wa maigizo Jacob Gordin aliwapa, na mwaka 1892 mwigizaji Jacob Adler aliigiza katika igizo lake la mfalme Lear wa Kiyahudi, watu wakalia vilevile.

Mimi nasimama upande wa nyimbo. Zilitungwa ili ziuzwe, kweli, na kwa haraka. Lakini ili fundi wa cherehani atoe senti zake, ilibidi ajione ndani ya wimbo. Mtunzi aliyekosea kueleza maisha yake alibaki na mzigo wa karatasi dukani. Ndiyo maana nyimbo za soko zimetuhifadhia mambo ambayo mashairi mengi ya heshima yalipita bila kuyaona: siku ya mshahara, bosi, ndugu aliyekuja juzi, mume aliyetoroka, barua isiyojibiwa.

Basi zinazungumzia nini hasa?

Nitachukua chache, maana orodha haisaidii.

Wa kwanza ni «A brivele der mamen», barua ndogo kwa mama, uliotungwa na Solomon Smulewitz mnamo 1907. Ubeti wa kwanza mama anamuaga mwanawe anayesafiri ng'ambo, na ombi lake ni moja tu: uniandikie. Ubeti wa pili miaka minane imepita, mama ametuma barua mia, jibu hakuna. Ubeti wa tatu unatupeleka New York, kwenye nyumba ya kitajiri, mke mzuri, watoto wazuri. Hapo barua inaingia: mama amefariki, na wosia wake ni kwamba mwanawe walau amsomee kaddish, sala ambayo mtoto wa Kiyahudi humsomea mzazi aliyekufa. Watu wengi waliosikiliza wimbo huu walikuwa wameacha mama zao upande wa pili wa bahari, na walijua hawatawaona tena.

Wa pili ni «Di grine kuzine», binamu mgeni, wa mwanzoni mwa miaka ya 1920. «Grine», kijani, ndivyo walivyomwita aliyeshuka melini juzi. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa hata watu kadhaa wakagombania kuwa ndio watunzi. Msimulizi anampokea binamu yake: mashavu mekundu kama machungwa, miguu inayoomba kucheza, hatembei bali anarukaruka. Msimulizi anakwenda kwa jirani mwenye duka la kofia za wanawake, anamtafutia binamu kazi, na ubeti unafungwa kwa kuiombea heri nchi ya dhahabu. Miaka inapita. Binamu amekusanya mshahara wiki baada ya wiki hadi yeye mwenyewe hajabaki kitu. Chini ya macho ya buluu sasa kuna weusi. Na mwisho, akiulizwa hali, anasema nchi ya Columbus, yaani Marekani, na iungue moto.

Tazama ufundi wake. Dua ya heri na laana ya moto zimewekwa mahali palepale mwishoni mwa ubeti, kwa mahadhi yaleyale na kina kilekile. Wala usipitiwe na jambo hili: aliyemtafutia ile kazi ni huyuhuyu anayetuimbia, kwa nia njema kabisa. Mahadhi yote ni ya kuchezeka. Waimbaji wengi wa siku hizi wanaucheza harusini bila kufika ubeti wa mwisho, na mimi huona wanaunyang'anya wimbo moyo wake.

Miaka michache kabla, mnamo 1915, Thomashefsky aliandika maneno ya wimbo mwingine wa jukwaani uliomtakia Columbus maisha marefu kwa furaha tupu. Zote mbili ni kweli, na zote zilipigiwa makofi na watu walewale.

Kisha kuna maafa. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, karibu na Washington Square, kwenye ghorofa za juu za jengo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano, baadhi kwa kuruka madirishani. Mwaka huohuo zilichapwa nyimbo za kuwalilia, ukiwemo «Mamenyu» wa Anshel Schorr na Joseph Rumshinsky. Mwaka uliofuata meli ya Titanic ilizama, na Smulewitz akatunga wimbo wa maombolezo. Jalada lake linawaonyesha Isidor na Ida Straus wamekumbatiana, wale wazee ambao mke alikataa kupanda mashua ya kuokolea na kumwacha mumewe.

Na kuna kazi. Morris Rosenfeld alikuwa mshonaji kabla ya kujulikana kama mshairi. Shairi lake «Mayn yingele», lililogeuka wimbo, ni la baba anayetoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo yeye humwona mwanawe akiwa amelala tu. Mwana anakuwa mgeni kwa baba yake ndani ya chumba kimoja.

Mbona mahadhi mengine yananikumbusha taarab?

Masikio yako hayakudanganyi. Nyimbo nyingi za Kiyidi hutumia ngazi ya sauti ambayo wanamuziki wao huiita freygish, na kwenye sinagogi hujulikana kama Ahava Rabbah. Sauti ya pili imeshushwa, ya tatu iko juu, na katikati yake pana lile pengo pana linalovuta moyo. Kwa mpangilio wake wa msingi ni ileile ambayo wapigaji wa taarab wa Unguja na Mombasa wanaijua kwa jina la maqam Hijaz.

Si kwamba upande mmoja ulikopa kwa mwingine. Wapigaji wa Kiyahudi wa Romania na Ukraine ya kusini waliishi jirani na muziki wa dola ya Waturuki, nasi taarab tuliipata kwa njia ya Cairo, ambayo nayo ilikuwa chini ya kivuli cha dola hiyohiyo. Lakini usitegemee kila wimbo uwe hivyo. Nyimbo nyingi za Second Avenue ni waltz za huzuni za Kizungu, na kufikia miaka ya 1920 nyingine zinakwenda kwa mwendo wa foxtrot.

Ni nyimbo za dini?

Nyingi si za dini, ila zimelelewa na watu waliokulia sinagogini. Watunzi kadhaa walianza utotoni kwenye kwaya za sinagogi, na kilio kile cha mwimbishaji wa sala, sauti inayokatika na kupanda, unakisikia hata kwenye wimbo wa mapenzi. Kuna zilizovuka mpaka: «Eyli, Eyli» wa Jacob Koppel Sandler ulitungwa 1896 kwa ajili ya igizo, Sophie Karp akauimba jukwaani, halafu waimbishaji wakaubeba kana kwamba ulikuwa wa ibada tangu zamani.

Watunzi wakubwa ni akina nani?

Wanne hutajwa pamoja. Joseph Rumshinsky alisukuma jukwaa la Kiyidi liwe na okestra kamili. Opereta yake Di goldene kale ilionyeshwa Second Avenue mwaka 1923 na ikafufuliwa New York mwaka 2015. Alexander Olshanetsky alitoka Odessa. Sholom Secunda alizaliwa Ukraine mwaka 1894 na utotoni aliimba sala kama mtu mzima. Abraham Ellstein, mdogo kuliko wote, alizaliwa New York penyewe.

Olshanetsky ndiye aliyetia mahadhi kwenye «Mayn shtetele Belz» mwaka 1932, maneno ya Jacob Jacobs, kwa ajili ya mwimbaji Isa Kremer. Wengi hudhani unausifu mji wa Belz ulioko Ukraine ya magharibi. Kremer alizaliwa Bălți, Moldova ya leo, na mji unaokumbukwa mle ndani ni huo.

Kinyume chake ni mwimbaji Aaron Lebedeff na wimbo wake wa «Rumania, Rumania», unaosifu mvinyo, jibini na mamaliga ya Romania hadi mate yanakudondoka. Lebedeff alikuwa mtu wa Gomel, Belarus. Mamaliga, kwa asiyejua, ni ugali wa mahindi.

Ni kweli kuna wimbo uliouzwa kwa dola 30 ukaingiza mamilioni?

Ni kweli. «Bay mir bistu sheyn» ulitungwa na Secunda, maneno ya Jacob Jacobs, kwa igizo lililoonyeshwa Brooklyn mwaka 1932. Msimu ulipoisha igizo likafa. Mwaka 1937 Secunda aliziuza haki za wimbo kwa wachapishaji kwa dola 30, akagawana na Jacobs. Haikuwa ujinga. Wakati wa mdororo wa uchumi watunzi wa Kiyidi waliuza hivyo kila mara, maana wimbo wa igizo lililofungwa haukuwa na thamani.

Mtunzi wa maneno Sammy Cahn aliusikia ukiimbwa kwa Kiyidi na waimbaji wawili Weusi kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem, na watu wakiwehuka ingawa hawakuelewa neno. Yeye na Saul Chaplin wakaandika maneno ya Kiingereza, na mwishoni mwa 1937 dada watatu wasiojulikana, Andrews Sisters, wakaurekodi. Ukawapandisha wao kileleni, na ukaendelea kulipa watu wengine kwa miaka mingi. Haki ziliwarudia watunzi mwaka 1961.

Secunda huyohuyo ndiye aliyetunga mahadhi ya «Dona Dona», maneno ya Aaron Zeitlin, kwa igizo la mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ndama anapelekwa sokoni amefungwa kamba huku mbayuwayu anaruka juu yake. Joan Baez aliurekodi mwaka 1960, na tangu hapo umeimbwa shuleni na makambini duniani kote, mara nyingi na watu wasiojua kwamba ulitoka jukwaani.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Kubwa, na si ya kuimba tu. Molly Picon, aliyezaliwa New York mwaka 1898, alikuwa mfupi mwenye nguvu za ajabu. Alipinduka sarakasi jukwaani na kuigiza wavulana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mumewe, Jacob Kalich, alimpeleka Ulaya akakinoe Kiyidi chake, akarudi nyota. Mwaka 1936 alikwenda Poland kucheza filamu ya Yidl mitn fidl, akiwa msichana aliyejifanya mvulana mpiga fidla, muziki wa Ellstein. Mitaa ya mji inayoonekana mle ilikuwa mitaa halisi ya Kazimierz Dolny. Miaka michache baadaye Wayahudi wa mji ule hawakuwepo tena. Mimi siwezi kuangalia filamu ile kama kichekesho tu.

Jennie Goldstein alijulikana kwa nyimbo za kuliza, za mabinti walioharibiwa maisha na wake walioachwa. Hilo halikuwa la kubuni: gazeti la Forverts lilichapa ukurasa wa picha za waume waliotoroka, ili wasomaji wasaidie kuwatafuta. Naye Nellie Casman alitunga na kuimba «Yosl, Yosl», ambao Andrews Sisters waliuchukua pia.

Karatasi za nota zilikuwaje?

Hapa ndipo pana jambo zuri la kutazamwa kwa karibu. Nota husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, Kiyidi kutoka kulia kwenda kushoto. Silabi za Kiyidi haziwezi kukaa chini ya nota zake bila kugongana nazo. Wachapishaji wa New York, Hebrew Publishing Company akiwa mkubwa wao, walitatua hivi: chini ya nota waliweka maneno kwa herufi za Kilatini, mara nyingi kwa tahajia ya kuigiza Kijerumani ili yaonekane ya heshima, na kwenye ukurasa mwingine wakachapa beti zote kwa herufi za Kiebrania. Ukifungua karatasi ya namna hiyo unasoma kulia, kisha unageuka unasoma kushoto. Ndiyo sababu pia wimbo mmoja una tahajia tano mtandaoni. Ukiutafuta, jaribu zote.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina hazina kubwa ya karatasi hizi, kwa kuwa mtu aliyetaka kulinda haki yake alipeleka nakala huko.

Nyimbo hizi zilikuwa Marekani tu?

Hapana, waigizaji walizunguka. London walikuwa na kumbi zao Whitechapel. Buenos Aires alikuwepo Jevel Katz, kijana kutoka Vilnius aliyechanganya Kiyidi na Kihispania kwenye nyimbo za kuchekesha kuhusu maisha ya Wayahudi wa Argentina. Alifariki 1940 akiwa bado kijana. Na Afrika Kusini, ambako Wayahudi wengi walitoka Lithuania, vikundi vya Kiyidi viliwahi kutumbuiza kwa miaka mingi Johannesburg na Cape Town.

Na klezmer?

Klezmer ni muziki wa vyombo, wa harusini: fidla, klarineti, ngoma. Wapigaji walikuwa mara nyingi walewale waliokaa chini ya jukwaa kwenye okestra, ndiyo maana watu huchanganya.

Kwa nini zilififia?

Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 1924 Marekani iliweka viwango vilivyokusudiwa kuwazuia watu wa Ulaya ya Kusini na Mashariki, na wasikilizaji wapya wakaacha kushuka melini. Watoto wa waliokwisha kufika walisoma kwa Kiingereza. Redio, hasa kituo cha WEVD cha New York, iliongezea nyimbo umri lakini ikawafanya watu wabaki nyumbani.

Halafu Wanazi waliwaua Wayahudi milioni 6, wengi wao wasemaji wa Kiyidi, na nchi ya kwao iliyoimbwa kwa hamu jukwaani ikawa makaburi. Katika Umoja wa Kisovieti mwigizaji mkuu wa Kiyidi, Solomon Mikhoels, aliuawa Januari 1948, na Agosti 1952 waandishi kadhaa wa Kiyidi walipigwa risasi Moscow. Israeli nayo ilikipa Kiebrania nafasi yote.

Hazikufa, hata hivyo. Folksbiene, kikundi cha maigizo kilichoanzishwa New York mwaka 1915, kipo hadi leo. Tangu miaka ya 1970 vijana walianza kuchimbua santuri za zamani na kujifunza upya. Kiyidi chenyewe kinasemwa kila siku na jamii za Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, wa Brooklyn, Jerusalem na Antwerp, ingawa wao si watu wa nyimbo za jukwaani.

Nianze kusikiliza zipi?

Anza na Lebedeff kwa ajili ya furaha na ulimi mwepesi. Fuatia «Di grine kuzine», ukitafuta rekodi yenye beti zote. Kisha mwimbaji Sophie Tucker, «My Yiddishe Momme» ya 1928, uliorekodiwa upande mmoja kwa Kiingereza na wa pili kwa Kiyidi. Sikiliza pande zote mbili mfululizo. Malizia na Molly Picon. Jihadhari na jambo moja: santuri ya kawaida ya zamani ilibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo beti nyingi zilikatwa. Karatasi ya nota ndiyo itakayokuonyesha wimbo mzima.

Kwaya yetu inataka kuimba mmoja. Tunaruhusiwa, na tuchague upi?

Nyimbo zilizochapwa Marekani kabla ya 1930 ziko huru kwa sheria za huko, kwa maneno na mahadhi yake. Angalieni pia sheria ya nchi yenu. Rekodi zina hesabu yake tofauti, basi msitumie rekodi ya mtu mwingine kama msingi bila kuuliza. Zilizotungwa baada ya hapo, kama «Bay mir bistu sheyn» na «Dona Dona», ombeni ruhusa.

Chaguo langu ni «A brivele der mamen». Mahadhi yake ni mepesi kushika, na kiitikio kinafaa sauti nne. Mpeni mwimbaji mmoja beti, kwaya ibaki na kiitikio. Wapeni wasikilizaji maana ya kila ubeti kwa Kiswahili kabla ya kuanza, si baada. Kiokoteni Kiyidi kutoka kwa mwimbaji wa zamani, kwa kusikiliza, maana tahajia ya kwenye karatasi itawapotosha. Na msiishie ubeti wa kwanza kwa sababu ya muda: punguzeni wimbo mwingine kwenye ratiba, huu muuimbe beti zote tatu.